Mabelle Arole: munganga aliyewaachia wamama wa kijiji kazi ya afya

Huku kwetu Kivu, karibu kila mtu anamjua RECO wa mtaa wake. Ni yule mama ao yule baba anayepita nyumba kwa nyumba siku za chanjo, anayepima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi tatu, anayemkumbusha mama mjamzito kwenda kituo cha afya. Tumemzoea sana mpaka hatujiulizi wazo la kumpa mtu wa kijiji kazi ya namna hii lilitoka wapi. Lilitoka sehemu nyingi, lakini moja ya zile zilizoonyesha dunia kama inawezekana ni mji mdogo na mkavu wa India unaoitwa Jamkhed. Na mmoja wa watu wawili walioanza kazi ile pale ni mama, Munganga Mabelle Arole.

Mtoto wa mwalimu

Mabelle alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1935 kule Jabalpur, katikati ya India. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha wachungaji. Alikua katika nyumba ya Wakristo wenye kupenda masomo, na alipokuwa msichana alienda kusomea uganga Vellore, kusini mwa India, kwenye chuo kilichoanzishwa na mmisionari mwanamke juu ya kuwahudumia wamama. Pale alikutana na kijana aliyeitwa Rajanikant Arole, aliyetoka vijiji vya Ahmednagar, jimbo la Maharashtra.

Walioana mwaka 1960. Vijana waganga wa wakati ule walikuwa wanatafuta kazi katika miji mikubwa ao Ulaya. Hawa wawili walipatana kama maisha yao yatakuwa kwa maskini wa vijijini.

Lopitali inajaa, ugonjwa hauishi

Kuanzia mwaka 1962 walifanya kazi katika lopitali ya misioni kule Vadala. Kazi ilikuwa nyingi. Walipasua, walizalisha, walitibu usiku na mchana. Wagonjwa walikuwa wanapona na kurudi kwao. Kisha nyuma ya miezi michache, mtoto yuleyule alirudi na kuhara kulekule, mama yuleyule alirudi bila damu ya kutosha mwilini.

Hapo ndipo waliona kama wanafuta maji chini wakati bombo limeachwa wazi. Magonjwa mengi waliyokuwa wanatibu yangeweza kuzuiwa nyumbani: maji machafu, njaa, kujifungua kwa wembe wenye kutu, watoto bila chanjo. Na wale waliokuwa maskini zaidi hawakufika hata kwenye mlango wa lopitali.

Walienda Marekani kuongeza masomo. Kule Johns Hopkins walisomea afya ya jamii, na mwalimu wao mmoja alikuwa Carl Taylor, mtu aliyeijua India vizuri. Wakapanga namna ya kuanza upya: kwanza watafute sehemu yenye shida kubwa, kisha wasijenge chochote mpaka wenyeji waseme wanawataka.

Jamkhed, 1970

Jamkhed ilikuwa sehemu ya ukame. Mvua ilikuwa kidogo, barabara mbaya, na wanaume wengi walikuwa wanahama kutafuta kazi ya kukata miwa. Mwaka 1971, katika kila watoto 1000 waliozaliwa, 176 walikufa mbele ya kutimiza mwaka mmoja. Ni karibu mtoto mmoja kwa kila sita.

Wakubwa wa mji waliwapa jengo la zamani lililokuwa la kutibia mifugo. Ndani yake ndipo Mabelle na bwana yake walianza kupokea wagonjwa. Hawakuanza na mahubiri juu ya usafi. Walianza na kile watu walitaka, yaani kutibiwa. Na watu walipoulizwa shida yao ya kwanza ni gani, hawakujibu dawa. Walijibu maji na chakula, sababu ukame mkubwa ulikuwa umeshika Maharashtra yote.

Basi kazi ya afya ikaanza na visima. Lakini pale kulikuwa na shida nyingine. Katika vijiji vile, watu waligawanyika kwa matabaka. Wale wa chini kabisa, wanaoitwa Dalit, hawakuruhusiwa kugusa kisima cha wakubwa. Walingojea mtu awamiminie maji kwa mbali. Watu wa mradi walifanya mpango visima vingi vichimbwe upande wa mtaa wa Dalit. Wale wa tabaka la juu walipoona maji yako kule, kiu iliwafundisha. Walienda kuchota palepale na wale waliokuwa wanawakimbia.

Vijana wakulima nao walikusanywa kwanza kwa mchezo wa voleboli. Nyuma ya mchezo walikaa chini na kuongea: mashamba, mbegu, maji, watoto. Hivyo vikazaliwa vyama vya wakulima. Vyama hivyo vilisaidia kupata nafaka na kupika chakula cha pamoja kwa watoto wadogo, juu ya kupiganisha utapiamlo, ule ambao sisi huku tunaita bwaki. Na watoto wa matabaka yote walikula pamoja.

Wauguzi walikataa, wamama wakaingia

Mpango wa kwanza ulikuwa kutuma wauguzi waliosoma wakae vijijini. Haukufaulu. Wasichana wale walitoka mjini, waliogopa kuishi peke yao, na wenyeji hawakuwafungulia mioyo. Mradi ungeweza kufia pale. Lakini likaja wazo lingine: kwa nini kijiji chenyewe kisichague mama wa kwao?

Vijiji vilichagua. Wengi wa wamama wale hawakujua kusoma wala kuandika. Wengi walikuwa Dalit, wengine wajane, wengine walioachwa na mabwana zao. Kuna waliokuja hata hawawezi kutaja jina lao kwa sauti mbele ya watu, sababu maisha yao yote waliitwa tu bibi ya fulani ao mama ya fulani.

Hapa ndipo kazi ya Mabelle inaonekana zaidi. Kila juma wamama walikuja Jamkhed, walilala pale, walipika na kula pamoja, tabaka la juu na la chini kwenye sahani zilezile. Mabelle hakuanza na majina ya dawa. Alianza na wao wenyewe: kwamba wana akili, kwamba wana neno la kusema. Kisha masomo: namna ya kumchunguza mama mjamzito, namna ya kuzalisha kwa mikono safi na wembe safi, namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto mwenye kuhara, namna ya kutambua doa la ukoma kwenye ngozi na kikohozi cha kifua kikuu. Kila mmoja alileta mambo ya kijiji chake, na wengine walisikiliza. Walichojifunza walikirudisha nyumbani na kukifundisha kwa nyimbo na maongezi, mtu kwa mtu.

Hawakuachwa peke yao. Kikundi cha waganga na wauguzi kilizunguka vijijini kuwatembelea, na ugonjwa uliowashinda ulipelekwa kwenye lopitali ndogo ya Jamkhed. Na juu ya tumbo lao, mradi uliwasaidia kupata mkopo na kuanza biashara ndogo ao kufuga, ili mama asitegemee tu kazi ya kujitolea.

Mambo hayakuwa laini. Mwanzoni kuna vijiji vilivyokataa kumfungulia mlango mama Dalit. Kuna mabwana waliokasirika kuona bibi yao anatembea na kuongea hadharani. Na katika waganga wa wakati ule, wengi waliona ni hatari kumwachia mtu asiyesoma kazi ya kuzalisha. Wamama walijibu kwa kazi. Mtoto wa tajiri alipopona kuhara kwa mkono wa mama Dalit, mlango ulifunguka.

Dunia inakuja kuangalia

Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kitabu juu ya nchi zilizojaribu njia mpya za afya, na Jamkhed ilikuwa ndani. Miaka mitatu nyuma yake, mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulitangaza kama afya ya msingi lazima ifanywe pamoja na wenyeji wenyewe. Mwaka 1979 Mabelle na bwana yake walipewa tuzo ya Ramon Magsaysay kule Ufilipino, na mwaka 1990 serikali ya India iliwapa heshima ya Padma Bhushan.

Lakini jibu kubwa lilikuwa katika makaburi ya watoto. Katikati ya miaka ya 1970, vile vifo 176 kwa watoto 1000 vilikuwa vimeshuka mpaka karibu 50. Miaka ya 1990 vilikuwa chini ya 30.

Mwaka 1988 mama mmoja wa vijiji vile alisimama Washington mbele ya wakubwa wa afya. Aliwaonyesha taa kubwa za kifahari zilizoning'inia juu yao, akazilinganisha na waganga: zinang'aa, lakini ni za bei kali na haziwashi nyingine. Yeye na wenzake alisema ni kama kibatari: mwanga mdogo, bei rahisi, lakini kimoja kinawasha kingine. Mtu ambaye zamani hakuweza kutaja jina lake alikuwa sasa anafundisha wakubwa.

Mabelle aliandika na bwana yake kitabu juu ya Jamkhed, kilichotoka mwaka 1994. Alikufa mwezi wa 9 mwaka 1999, akiwa na miaka 63. Rajanikant alimfuata mwaka 2011. Mtoto wao, munganga pia, aliendeleza kazi, na watu wa nchi nyingi wamepita Jamkhed kujifunza.

Na sisi je?

Miaka ya 1980 inchi yetu, wakati ule Zaire, iligawanywa katika zoni za afya zaidi ya 300, kwa mawazo yaleyale ya Alma-Ata. Leo zoni zimepita 500. Tuna RECO, tuna CODESA, tuna karatasi zote. Kwa jina, tuko na kile Jamkhed walikuwa nacho.

Lakini tukiangalia vizuri, kuna mambo matatu ambayo Mabelle hakuyaacha hata siku moja, na sisi mara nyingi tunayaacha. La kwanza, kijiji ndicho kilichagua. RECO aliyewekwa na ndugu yake mkubwa hawezi kusikilizwa sawasawa. La pili, masomo yalikuwa kila juma, mwaka nyuma ya mwaka, si siku tatu za semina wakati mfadhili amekuja. La tatu, mama yule alikuwa na kitu cha kula. Wengi wa RECO wetu wanatembea bila franga, na kampeni ikiisha wanasahauliwa mpaka kampeni nyingine.

Tusidanganyane pia. Jamkhed ilikuwa na lopitali nyuma yake, na waganga wawili waliofanya kazi palepale miaka mingi. Haikukutana na vita wala kukimbia kila mwaka, kama vijiji vyetu vingi. Hatuwezi kubeba mambo yao yote na kuyaweka hapa. Ila kuchagua vizuri, kufundisha bila kuchoka, na kutomwacha mama afanye kazi na njaa, hayo hayangojei ndege itoke mbali. Mkutano ujao wa CODESA kwenye aire de santé yako ni sehemu nzuri ya kuuliza RECO wenu alichaguliwa na nani, na mara ya mwisho alifundishwa lini.