Krishnamacharya: Mwalimu aliyempangia kila mtu yoga yake

Yoga inafanywa leo na mamilioni ya watu duniani, lakini si wengi wanaomjua Tirumalai Krishnamacharya, Mhindi ambaye wanafunzi wake ndio walioieneza Ulaya na Marekani.

Alizaliwa Novemba 18, 1888, katika kijiji cha Muchukundapura, kwenye ufalme wa Mysore, kusini mwa India. Baba yake, aliyemfundisha Kisanskrit, alifariki dunia angali mtoto. Baadaye alisoma Mysore na Varanasi, na kwa maelezo yake mwenyewe aliishi miaka ipatayo saba kwa mwalimu wa yoga katika eneo la milima ya Himalaya.

Mwaka 1933 Maharaja wa Mysore, Krishna Raja Wadiyar wa Nne, alimpa ukumbi wa kufundishia katika kasri la Jaganmohan. Wanafunzi wengi walikuwa wavulana wenye nguvu, na mazoezi yalikuwa magumu. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar, shemeji yake aliyefika akiwa amedhoofishwa na maradhi, kikiwemo kifua kikuu. Iyengar alimkumbuka kama mwalimu mkali aliyeogopwa. Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, alikataliwa kwanza, hadi Maharaja alipoingilia kati.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, mamlaka ya wafalme yalifikia kikomo. Shule ilifungwa mwaka 1950, na Krishnamacharya, aliyekuwa amepita umri wa miaka 60 na mwenye familia ya kulisha, akabaki bila mfadhili.

Mwaka 1952 alihamia Madras, mji unaoitwa sasa Chennai, baada ya kuitwa kumsaidia mwanasheria mashuhuri aliyepata kiharusi. Huko hakukuwa tena na vijana wa kasri. Waliomjia walikuwa watu wazima, wafanyakazi wa ofisini, wazee na wagonjwa. Mazoezi ya Mysore yangewaumiza.

Hapo ndipo alipojikita katika kumfundisha mtu mmoja mmoja. Kwanza alimchunguza: alishika mshipa wa mkono kusikiliza mapigo, akatazama anavyopumua, akauliza umri, kazi, chakula, usingizi na maradhi yake. Kisha alimpangia mazoezi machache ya kufanya nyumbani kila siku. Kila mjongeo ulikwenda na pumzi. Zoezi gumu lilitanguliwa na jepesi la kuandaa mwili, na kufuatwa na lingine la kuurudisha katika utulivu. Asiyeweza kusimama alifanya akiwa ameketi au amelala. Mtu alipobadilika, mpango nao ulibadilishwa. Pamoja na hayo alitumia chakula na dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi.

Mwanawe, T.K.V. Desikachar, alikuwa mhandisi asiyejishughulisha na yoga. Mapema miaka ya 1960 alimwona mama mmoja mgeni akimkumbatia mzee wake kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amepata usingizi baada ya kuukosa kwa muda mrefu. Desikachar akaacha uhandisi na kuwa mwanafunzi wa baba yake. Mwaka 1976 alianzisha mjini humo taasisi ya Krishnamacharya Yoga Mandiram, inayoendeleza utaratibu huo.

Akiwa na umri wa miaka 96 Krishnamacharya alivunjika nyonga. Alikataa upasuaji, akajipangia mwenyewe mazoezi ya kufanya kitandani. Alifariki dunia Februari 28, 1989, akiwa na umri wa miaka 100.

Yoga haichukui nafasi ya daktari, na uamuzi wake kuhusu nyonga si wa kuigwa na kila mtu. Lakini kwa anayejiunga leo na darasa la watu 30 huku mgongo unamuuma, maisha ya mzee huyu yanaacha swali moja la kumuuliza mwalimu: je, zoezi hili linanifaa mimi?