Punguzeni Mzigo Pamoja: Nyumba ya Mwalimu Nyerere



Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet siku huanza kabla jogoo hajawika. Mama anakama ng'ombe, watoto wanatafuta soksi za shule, baba anakimbilia shambani ili majani chai yafike kituoni kabla ya lori la kiwanda. Jioni kuna chama, harambee, kamati ya arusi, kikao cha sacco, na simu isiyonyamaza. Bonasi ikilipwa, huja kochi jipya, televisheni kubwa, labda na pikipiki ya mkopo. Nyumba inajaa, lakini mume na mke hawapati nusu saa ya kuketi pamoja. Wengi hulala bila kusali, si kwa sababu wamegombana, bali kwa sababu wamechoka.

Je, mnaweza kupunguza? Leo tazameni nyumba moja ambayo ilikuwa na kazi nyingi kuliko zetu sote.

Maji ya Mto Nyangores, yanayopita katika mji wa Bomet, huingia Mto Mara, na Mara humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma, Tanzania. Katika nchi hiyo ya Musoma, kijijini Butiama, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Kijana huyo alibatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere, kisha Edinburgh. Aliporudi alimwoa Maria Gabriel, mwalimu mwenzake, katika Kanisa Katoliki, Januari 1953. Mtoto wa boma la wake 22 alichagua kuishi na mke mmoja.

<b>Mshahara ulipokwisha</b>

Mwalimu alipata kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwezi Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa rais wake. Sasa alikuwa na kazi mbili, na kila moja ilimtaka mtu mzima. Machi 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa kuisemea nchi yake, ilimbidi achague: ualimu au siasa. Mshika mbili moja humponyoka. Akaacha ualimu, na mshahara ukaishia hapo.

Fikirini hali ya nyumba hiyo: ndoa ya miaka miwili, familia changa, na hakuna mshahara. Walirudi kwao Musoma. Huko Mwalimu alimfundisha padre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kusaidia kazi ya kutafsiri. Baadaye, walipokuwa Dar es Salaam, Mama Maria aliendesha duka dogo ili familia ipate riziki. Baba, ukisikia watu wakimsifu Mwalimu kwa kuacha mshahara, kumbuka na mkono wa mama uliopima bidhaa dukani. Mtu mmoja akitua mzigo, mara nyingi mwenzake ndiye anayeuokota.

<b>Alipopata nafasi ya kujilimbikizia</b>

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Baada ya wiki 6 tu alijiuzulu cheo hicho ili akakijenge chama vijijini. Alirudi mwishoni mwa 1962 akiwa Rais. Wengi wetu tungedhani sasa nyumba itajaa vitu. Lakini hakupenda kuifanya Ikulu kuwa makao yake. Alijenga nyumba Msasani, ufukoni, kwa mkopo wa benki kama mfanyakazi mwingine, akaishi huko na familia yake. Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana na kulalamikia mishahara mikubwa ya viongozi, aliwakasirikia sana, hata wakafukuzwa chuoni. Lakini neno lao juu ya mishahara alilikubali: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kiongozi hakuruhusiwa tena kuwa na hisa katika kampuni, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Wakati huo Mama Maria alikuwa na mradi wake wa kuku. Naye aliuacha. Tusipite hapa haraka, wapenzi wasomaji. Sheria iliyotoka mezani kwa mume iliingia mpaka katika banda la kuku la mke. Kama Mama Maria angeendelea na kuku wake kwa siri, maneno ya mumewe yangekuwa matupu mbele ya taifa zima. Alichokiacha kilikuwa jasho lake mwenyewe, na inafaa tumhesabie.

Kuna vitu ambavyo Mwalimu hakuviacha. Hakuacha Misa, ambayo aliizoea kila siku. Hakuacha kufunga. Hakuacha vitabu: katika miaka ile ya kazi nyingi alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, akacheza bao na wazee. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kazi ya kuchunguza maisha yake, kama yanastahili kutangazwa na Kanisa kuwa ya mwenye heri.

<b>Amri haipunguzi mzigo</b>

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Mwanzoni alisisitiza kwamba watu wahamie vijiji vya ujamaa kwa hiari yao. Lakini kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa nguvu, na nyumba nyingine zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Ilileta machungu mengi, na mashamba hayakutoa kilichotarajiwa.

Hapo pana fundisho kwa ndoa zetu. Mwalimu alipoanza na mshahara wake, watu walimheshimu. Serikali yake ilipowaamuru wengine, watu waliumia. Ndivyo ilivyo nyumbani. Mume anaweza kurudi jioni na kutangaza kwamba kuanzia kesho mama aache chama chake, huku yeye akiendelea na vikao vyake vya mjini hadi usiku. Mke naye anaweza kuhesabu gharama za mumewe, asiguse zake. Hilo si kupunguza mzigo, ni kuuhamisha tu.

Sisi wakulima wa chai tunaelewa kazi ya kupogoa. Kila baada ya miaka michache tunakata kichaka mpaka kinabaki vijiti. Kwa miezi kadhaa hakuna majani ya kupeleka kituoni, na jirani anayepita anaona shamba limeharibika. Lakini asiyepogoa huishia na miti mirefu isiyochumika. Nyumba nayo ikipogolewa itauma kwa muda: rafiki atanuna, kikundi kitalalamika, watoto watauliza mbona hatununui kama wenzetu. Mkiwa mmekubaliana wawili, mtavumilia.

Basi, kabla ya bonasi ijayo, chagueni jioni moja. Zimeni simu na televisheni. Andikeni kila kinachokula muda na pesa zenu: vyama, kamati, mikopo, safari, ununuzi. Kisha kila mmoja ataje kitu chake mwenyewe atakachokiacha, si cha mwenzake. Baba aanze. Mwisho kubalianeni vitu ambavyo hamtavigusa kamwe: sala ya jioni, chakula cha pamoja, Misa ya Jumapili, na muda wa kuwasikiliza watoto.

<b>Maswali ya kujadiliana mume na mke</b>

1. Ni mzigo gani niliotua mimi, nawe ukauokota bila kusema?
2. Ni kitu gani tulichonunua kwa sababu jirani anacho?
3. Ni lini mara ya mwisho tulisali pamoja, sisi wawili peke yetu?

Msijibu yote kwa usiku mmoja. Swali la kwanza pekee linaweza kuwatosha wiki nzima. Mungu azibariki nyumba zenu.