Jeevanjee: mzee wa tenda aliyewahi kabla Nairobi haijazaliwa

Wadau, wengi wetu tumekalia mabenchi ya Jeevanjee Gardens pale katikati ya Nairobi, tukatafuna njugu huku tukisikiliza wahubiri. Lakini ukiuliza Jeevanjee ni nani, utaambiwa tu ni Mhindi fulani tajiri wa zamani. Kumbe huyu mzee alikuwa mtu wa tenda za serikali, tena aliyeanza chini kabisa.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, kwenye familia ya Mabohora. Shule hakusoma sana. Miaka ya 1880 alivuka bahari mpaka Adelaide, Australia, akafanya biashara ya bidhaa za kutoka Asia. Mwaka 1890 akatua Mombasa.

Wakati huo mteja mkubwa Mombasa alikuwa kampuni ya Waingereza ya IBEA, iliyokuwa ikiendesha mambo ya hapa kwa niaba ya Uingereza. Kampuni ilikuwa na shida ya watu: mafundi, vibarua, askari. Jeevanjee alikuwa na wenzake Karachi na alijua pa kuwapata. Akapewa kazi ya kuwaleta, akawaleta. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyomjengea jina.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi yenyewe, na 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Sasa ikatafutwa kampuni ya kuleta vibarua kutoka India na kuwalisha. Nani tayari ameshafanya kazi kama hiyo? Jibu mnalo.

Msidhani tenda ya chakula ni mchezo. Reli ilikuwa inasogea kila siku, na jiko linasogea nayo. Unga, mchele, dengu na samli vinatoka ng'ambo, vinapita bandarini, vinafuata watu mpaka nyika ya Taru ambako hata maji hakuna. Mzigo ukichelewa, watu wanalala njaa na kazi inasimama.

Na tusifiche upande wa pili. Mpaka reli inafika Kisumu mwaka 1901, karibu Wahindi 32,000 walikuwa wameletwa na wakandarasi na maajenti, na karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo. Utajiri wa tenda ile ulipita juu ya migongo ya watu.

Nairobi ilipoanza kukua, Jeevanjee akajenga majengo na kuikodishia serikali ofisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaanzisha gazeti la African Standard, akaliuza 1905. Ndilo lililozaa The Standard ya leo. Mwaka 1906 akaupa mji ile bustani. Mwaka 1909 akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria.

Hapo ndipo akaonja uchungu. Serikali aliyoitumikia miaka yote ilitenga ardhi nzuri ya nyanda za juu kwa ajili ya wazungu peke yao. Mzee akapiga kelele mpaka London, na mwaka 1914 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Aligundua kwamba mteja akikulipa vizuri hajawa ndugu yako. Alifariki Nairobi mwaka 1936. Mwaka 1991 bustani yake ilitaka kujengwa maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza watu kuiokoa.

Sasa vijana, tuna nini cha kuokota hapa? Kenya sheria ya mwaka 2015 imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wanakimbilia tangazo likishatoka, halafu ndio wanaanza kutafuta cheti cha kodi. Jeevanjee alijiandaa kabla. Sajili biashara yako sasa, cheti cha kodi kiwe hai, akaunti ya benki iwe ya biashara. Anza na kazi ndogo, hata ya kupelekea shule ya jirani viazi, utunze karatasi zake. Piga hesabu utaishije miezi kadhaa kabla ya kulipwa, maana serikali hulipa polepole. Na usiache wateja wengine kwa sababu umepata tenda moja.

Wadau mnasemaje? Kuna aliyewahi kupata hizi tenda? Mwageni maoni hapo chini.