Mama aliyefichwa chini ya majani

Vincent van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853. Mchoraji huyu hakuwa na makuta. Mdogo wake Theo ndiye alimsaidia. Kitambaa kilipokosekana, alichora juu ya picha zake za zamani. Mwaka 1887, akiwa Paris, alipaka majani juu ya sura ya mama mkulima wa kwao. Alikufa 1890, na miaka 37 tu.

Mwaka 2008, kule Hamburg, wataalamu walimulika picha hiyo kwa miale ya X, ndugu ya ile ya kupigwa radio hospitalini. Huku kwetu Kilwa tunajua madini ya ardhini; kumbe hata ndani ya rangi yamo. Zebaki ya rangi nyekundu iliitika, na yule mama akaonekana tena, kiisha miaka 121.