Aniceti Kitereza: Mzee wa Ukerewe Ambaye Hakuifukia Talanta Yake



Mwaka jana rafiki yangu aliacha seminari. Ana sikoseli tangu utotoni, na mwili ulimshinda. Ni fundi wa kuchora, lakini siku hizi penseli hagusi. Anasema Mungu hana kazi naye tena. Falsafa yote ile niliyosoma, nikakosa la kumjibu. Ndipo nikamkumbuka Aniceti Kitereza.

Ukipanda meli Mwanza kwenda Nansio, unafika kisiwani kwake, Ukerewe. Alizaliwa 1896, wa ukoo wa watemi wa Wakerewe. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Wamisionari wakamsomesha Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, akakijua Kilatini vizuri tu. Lakini hakuwa padre. Alirudi nyumbani, akamwoa Anna Katura.

Watoto wao walifariki wakiwa wadogo. Wote, jamani! Kwa desturi ya wakati ule, mwanaume asiye na mtoto alitegemewa aongeze mke. Kitereza alibaki na Anna wake.

Halafu akashika kalamu. Kufikia 1945 alikuwa amemaliza, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Mwishowe wanapata wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Tunaona wazazi wakihangaika na magonjwa ya utotoni, hadi watoto wanakua na kuwa watu wazima. Yaani, mtu aliyezika watoto wake alikaa chini akalea wengine kwa wino.

Miaka ikapita bila mchapishaji. Ugonjwa wa viungo ukamtesa, lakini hakuiacha kazi yake. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Hatimaye Tanzania Publishing House ikaichapa. Yeye akafariki 1981, kabla hajakishika kitabu mkononi. Leo kinasomwa hata kwa Kiingereza na Kijerumani.

Nimemtumia rafiki yangu habari hii. Bado hajajibu. Ila wewe unayesoma hapa ukiwa mgonjwa, au mipango yako imekwama, kumbuka: kuondoka seminari hakukumwondolea Kitereza kipaji, wala kukosa mavuno hakukumzuia kupanda. Usiifukie talanta yako.

Leo tusali Salamu Maria moja kwa ajili ya vijana wanaougua. Na umtaje rafiki yangu, tafadhali.