Daktari Aliyewapa Wagonjwa Pumzi

Leo kalamu yangu inawaletea maisha ya Daktari Bjørn Ibsen wa Denmark. Mtauliza, mtoto wa Griftu amemjuaje mtu wa Ulaya? Ngojeni kidogo.

Ibsen alizaliwa mwaka 1915 jijini Copenhagen. Alisomea udaktari, kisha mwaka 1949 akaenda Boston, Marekani, kujifunza kazi ya kuwapa wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji. Kazi hiyo ilimzoesha kumpulizia hewa mtu asiyeweza kupumua mwenyewe.

Mwaka 1952 polio ilivamia Copenhagen. Ugonjwa huu hushambulia neva, na misuli ya kifua ikipooza pumzi hukatika. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine 7 tu za kupumulia. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Hebu fikirini!

Agosti, Ibsen akaitwa. Msichana wa miaka 12 alikuwa akikata roho. Alitobolewa koo, mrija ukatiwa, na Ibsen akaanza kubinya mfuko wa mpira kwa mkono ili hewa iingie. Msichana akanusurika. Lakini mikono ya kuwabinyia wagonjwa wote itoke wapi? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wakafika kama 1,500, wakabinya kwa zamu usiku na mchana, miezi kadhaa. Vifo vikapungua sana. Mwaka 1953 Ibsen akaanzisha wodi ya wagonjwa mahututi, mfano ulioigwa duniani kote. Alifariki mwaka 2007.

Sasa nijibu lile swali. Mwaka jana abti yangu alishikwa na ganzi miguuni, ikapanda hadi mikononi. Haikuwa polio, bali ugonjwa mwingine wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao huwapata hata watu wazima. Nesi alimwambia ahesabu kwa pumzi moja. Asubuhi alifika 20, jioni akaishia 9. Nesi hakungoja kuche. Usiku uleule walishika njia ya Garissa, na abti akawekwa kwenye mashine kabla pumzi haijakatika. Leo anatembea kwa bakora. Daktari wa huko ndiye aliyenisimulia habari za Ibsen.

Wenzangu, mtu akipooza msitazame miguu tu. Tazameni pumzi, tena mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na msisahau, wale waliobinya mifuko walikuwa wanafunzi kama sisi.