Charlotte Brontë: Mswada wake ulikataliwa, akaandika mwingine

MWANDISHI Charlotte Brontë anafahamika kote ulimwenguni kwa riwaya ya Jane Eyre, iliyochapishwa jijini London mnamo Oktoba 1847. Wasilolijua wengi ni kwamba hiyo haikuwa riwaya yake ya kwanza, na kwamba aliiandika wakati mswada wake mwingine ukizunguka kwa wachapishaji bila kupata wa kuupokea.

Charlotte alizaliwa Aprili 21, 1816 katika kijiji cha Thornton, eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Babake, Patrick Brontë, alikuwa kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Ireland. Mnamo 1820 familia hiyo ilihamia Haworth, kijiji kilichozungukwa na nyika za vilima, na huko ndiko Charlotte alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Misiba iliandama nyumba hiyo mapema. Mamake alifariki mwaka wa 1821, na miaka minne baadaye dada zake wakubwa, Maria na Elizabeth, wakafa kwa kifua kikuu baada ya kuugua wakiwa katika shule ya bweni. Wanne waliosalia, yaani Charlotte, Branwell, Emily na Anne, walikua wakitunga hadithi na kuziandika kwa hati ndogo mno katika vijitabu walivyovishona wenyewe.

Charlotte aliionja adha ya kungoja jibu akiwa na umri wa miaka 20. Mnamo Desemba 1836 alimtumia mshairi mashuhuri Robert Southey baadhi ya tungo zake na kumwomba maoni. Jibu halikufika hadi Machi 1837. Southey alikiri kwamba binti huyo alikuwa na kipawa, ila akamshauri kuwa uandishi haukufaa, wala haukupaswa, kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke.

Charlotte alimshukuru kwa heshima na kuendelea na kazi ya ualimu, ambayo hakuipenda. Alifundisha shuleni na katika nyumba za matajiri, kisha mnamo 1842 akaenda Brussels, Ubelgiji, pamoja na Emily kujiendeleza katika lugha ya Kifaransa. Aliporejea nyumbani mwaka wa 1844, mpango wa akina dada hao wa kufungua shule uligonga mwamba kwani hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejitokeza.

Wakati huo hali ya nyumbani ilitisha. Babake alikuwa akipoteza uwezo wa kuona kutokana na mtoto wa jicho, naye kakake, Branwell, alikuwa amezama katika ulevi na matumizi ya kasumba. Nyumba waliyoishi ilikuwa mali ya kanisa, na iwapo mzee huyo angefariki, mabinti zake wangelazimika kuihama. Kwa hivyo kuandika hakukuwa burudani tu, bali pia njia ya kutafuta riziki.

Mnamo 1846 dada hao watatu walichapisha diwani ya mashairi kwa fedha zao wenyewe, sehemu ya urithi waliouachiwa na shangazi yao. Walitumia lakabu za Currer, Ellis na Acton Bell ili wasomaji wasiwapime kwa jinsia yao. Diwani hiyo iliwagharimu zaidi ya pauni 30, lakini katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili tu.

Hata hivyo, hawakukata tamaa. Kila mmoja alikuwa amekamilisha riwaya: Charlotte aliandika The Professor, Emily akaandika Wuthering Heights, naye Anne akaandika Agnes Grey. Kuanzia Julai 1846 walianza kuzituma London.

Enzi hizo mawakala wa waandishi hawakuwapo kama wanavyojulikana leo. Kazi hiyo ilishika mizizi nchini Uingereza katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Mwandishi alimwandikia mchapishaji moja kwa moja, akatuma mswada ulioandikwa kwa mkono, kisha akangoja. Mswada ukirudi, ndipo aliweza kumpelekea mwingine. Furushi la akina Brontë lilirudi mara kadhaa.

Mnamo Agosti 1846, Charlotte alimpeleka babake Manchester kufanyiwa upasuaji wa jicho. Upasuaji huo ulifanywa Agosti 25 bila dawa ya kuzuia maumivu, kwani matumizi ya nusukaputi hospitalini yalikuwa bado hayajaanza. Elizabeth Gaskell, aliyeandika wasifu wa Charlotte mnamo 1857, anaeleza kuwa siku hiyo hiyo The Professor ilirejeshwa, ikiwa imekataliwa tena.

Mgonjwa alitakiwa kulala katika chumba chenye giza kwa majuma kadhaa, asisumbuliwe. Katika nyumba hiyo ya kupanga, Charlotte, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na maumivu ya jino, aliutuma tena mswada wake, kisha akaketi na kuanza kuandika hadithi mpya. Hadithi hiyo ndiyo Jane Eyre.

Mwaka uliofuata, mchapishaji Thomas Newby alikubali kazi za Emily na Anne, kwa sharti kwamba walipe pauni 50 za kugharamia uchapishaji. The Professor haikuchukuliwa. Mnamo Julai 1847 Charlotte aliituma kwa kampuni ya Smith, Elder, akitumia karatasi ile ile iliyokwisha kufunga furushi hilo awali. Alikuwa amekata kwa kalamu majina ya wachapishaji waliotangulia na kuandika jina jipya, hivi kwamba yeyote aliyelipokea alijua wazi kuwa halikuwa limeanzia kwake.

Majuma matatu yalipita kimya. Mapema Agosti aliandika barua fupi kuulizia, na kwa mujibu wa kumbukumbu za mwenye kampuni, George Smith, aliambatisha stempu ya kulipia jibu.

Jibu lililokuja lilikuwa tofauti na yote aliyozoea. William Smith Williams, aliyesoma miswada ya kampuni hiyo, aliikataa The Professor, lakini alieleza kwa upole nguvu zake na udhaifu wake. Aliongeza kuwa kazi ndefu zaidi, ya juzuu tatu, ingeangaliwa kwa makini.

Kwa Charlotte, ukataaji huo ulikuwa na thamani kubwa, kwa sababu kazi aliyoombwa ilikuwa karibu kukamilika mezani pake. Mnamo Agosti 24, 1847 aliituma Jane Eyre kwa gari la moshi kutoka Keighley, mji ulio karibu na Haworth, ambako reli ilikuwa imefika mwaka huo huo. Stesheni hiyo ndogo haikupokea malipo ya usafirishaji, kwa hivyo aliwaomba wachapishaji wamjulishe gharama ili awarudishie kwa stempu.

Safari hii hakungoja sana. Williams alivutiwa na mswada huo na kumpa Smith, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Smith aliusoma Jumapili nzima, akavunja miadi ya kwenda kuendesha farasi na rafiki yake, na hakulala kabla ya kuumaliza. Charlotte alipewa pauni 100, na baadaye akaongezewa hadi zikafika 500. Kitabu kilitoka Oktoba mwaka huo na kikapata wasomaji wengi mara moja. Vitabu vya dada zake, vilivyokuwa vimekubaliwa mapema, vilicheleweshwa na Newby hadi Desemba, tena vikiwa na makosa waliyokuwa wameyasahihisha.

Furaha hiyo haikudumu. Branwell alifariki Septemba 1848, Emily akamfuata Desemba, naye Anne akaaga dunia Mei 1849. Charlotte alikamilisha riwaya ya Shirley, kisha akaandika Villette, akiwa peke yake na babake mzee.

Hakuisahau The Professor. Aliwapa wachapishaji wake tena hata baada ya kupata umaarufu, nao wakaikataa. Mnamo 1851 alihesabu kwamba ilikuwa imekataliwa mara tisa, akaamua kuiweka kabatini. Tajriba yake ya Brussels, aliyoitumia katika mswada huo, aliiandika upya kwa ustadi zaidi katika Villette, iliyotoka mwaka wa 1853.

Mnamo Juni 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa babake. Alifariki Machi 31, 1855 akiwa mjamzito, na umri wa miaka 38. The Professor ilichapishwa na kampuni ile ile ya Smith, Elder mnamo 1857, miaka 11 baada ya kutumwa London kwa mara ya kwanza, wakati ambapo mwandishi wake hakuwapo tena kuipokea habari hiyo.